Injini mpya za Japani zitafika Kuruwitu, lakini nani atazifungua?

Kijana mwenzangu wa Kuruwitu, Vipingo, Takaungu na kote pwani ya Kilifi, kama wewe ni mpenzi wa magari basi ubishi huu unaujua. Mmoja anaapa kwamba injini inayokuja ya Toyota itamaliza mchezo. Wa Subaru hataki hata kusikia. Wa Mazda anacheka tu, eti ngojeni muone. Leo tuuchambue ubishi huo: injini zenyewe ni zipi, zitakufikia lini, na wewe utafaidi nini?

Chanzo ni Mei 28, 2024. Siku hiyo Toyota, Subaru na Mazda zilipanda jukwaa moja jijini Tokyo na kutangaza kwamba hazijaachana na injini za mafuta. Wakati wengine wanakimbilia magari ya umeme, hawa watatu walisema kila mmoja ataunda injini mpya ya kufanya kazi pamoja na mota ya umeme. Subaru ikashikilia injini yake ya silinda za kulala. Mazda nayo ikashikilia rotari, ile injini ya kuzunguka. Toyota ikaonyesha injini mbili za silinda nne, moja ya lita 1.5 na nyingine ya lita 2.0. Zote ni ndogo na fupi kwa kimo, ili boneti ishuke na gari likate upepo vizuri.

Kwa watu wa spidi, gumzo ni ile ya lita 2.0 yenye turbo. Januari 2025 Toyota iliileta kwenye maonyesho ya Tokyo ikiwa ndani ya GR Yaris ya majaribio, injini imekaa nyuma ya viti badala ya mbele. Ukizingatia kwamba Toyota ilishinda Safari Rally kila mwaka kuanzia 2021, mbio hizo ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia, hadi 2025, utaelewa kwa nini mashabiki wake wanatembea kifua mbele.

Wa Subaru wana kidonda. Hawajasahau Impreza ya Colin McRae ikishinda Safari 1997, wala ya Richard Burns mwaka 2000. Lakini injini ya EJ20 iliyowalea imeshastaafu, na Machi 2022 kampuni ilisema haitaunda WRX STI mpya ya petroli. Ndiyo maana kila fununu kutoka Japani inawapandisha roho.

Sasa tushike kalamu tupige hesabu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka minane. Mwaka huu wa 2026, gari linaloshuka bandarini Mombasa lazima liwe limesajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2019. Na wengi wetu hununua yale yaliyo karibu kabisa na kikomo hicho, kwa sababu ndiyo ya bei nafuu.

Chukua Mazda. Novemba 2024 ilisema injini yake mpya, Skyactiv-Z, itaingia sokoni 2027. Gari litakalosajiliwa Japani mwaka huo litaweza kuingizwa hapa hadi 2034. Kwa hiyo kama leo una miaka 20, injini unayoibishania utaipata kwa bei ya mtu wa kawaida ukikaribia miaka 28.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wengi hawaligusi, nalo ni ushuru. Kenya inatoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 kwa gari la petroli lisilozidi sisi 1500, na ushuru hupanda likizidi hapo. Ndiyo sababu kwako wewe wa Kuruwitu, ile injini ndogo ya lita 1.5 isiyopigiwa kelele ina maana kubwa kuliko ile ya turbo. Hiyo ndiyo itakayobeba abiria, samaki na magunia ya nazi kwenye barabara ya Mombasa–Malindi.

Tena usidhani mabadiliko yanangoja 2034. Probox, farasi wetu wa kazi, ilitolewa na mfumo wa haibridi Japani mwishoni mwa 2018. Maana yake ni kwamba zile za 2019 zinakubalika bandarini mwaka huu. Aqua na Fit za haibridi zimeshazoeleka barabarani. Injini ijayo imeshaanza kubisha hodi.

Hapa ndipo swali lenyewe lilipo: ikiharibika, nani ataifungua? Fundi wetu wa kando ya barabara anaijua injini ya zamani ya Probox kama kiganja chake. Anaisikiliza tu, anakuambia ni plagi au ni mafuta. Haibridi haisemi hivyo. Inataka mashine ya kusoma hitilafu, glavu za umeme, na mtu anayejua kwamba nyaya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Wakati mwingine tatizo ni dogo sana. Haibridi nyingi za Toyota zina feni ya kupoza betri kubwa, na vumbi likiziba njia yake ya hewa, betri inapata joto na kuchoka mapema. Kwa mwenye ujuzi, hiyo ni kazi ya kusafisha. Asiye na ujuzi atamwambia mwenye gari anunue betri nyingine.

Kwa hiyo anayejifunza leo hatakosa wateja, na asiyejifunza ataona magari yakimpita kwenda gereji za Mombasa. Ukiwa chuo cha kiufundi, uliza kama somo la haibridi lipo, na kama halipo lidai. Ukiwa tayari gereji, changeni wawili watatu mnunue mashine moja ya kusoma hitilafu. Ukiwa na mpango wa kununua gari, muulize fundi wako kwanza kama anaweza kulihudumia.

Kuruwitu haihitaji kufundishwa kungoja. Wavuvi wa hapa walijiunga 2003, wakatenga sehemu ya bahari wasivue, na 2017 kazi yao ikatambuliwa na Umoja wa Mataifa kwa Tuzo ya Ikweta. Lakini hawakungoja mikono mitupu. Walilinda eneo lao na kupanda matumbawe. Nawe una miaka minane kabla injini ya ndoto yako haijafika. Endelea na ubishi, raha yake tunaijua. Ila jioni ukirudi gereji, mwombe fundi mkubwa akuonyeshe ile haibridi iliyoletwa asubuhi.