Gari Kubwa Zipishwe, Vijiji Viarifiwe

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo huwaliwaza wafiwa matangani, lakini barabarani umegeuka kisingizio cha watu ambao wangeweza kuikinga ajali na hawakufanya hivyo. Leo tunapenda kulizungumzia jambo ambalo kinga yake ipo na gharama yake ni ndogo, nalo ni kupishana na gari kubwa kupita kiasi katika barabara zetu za shamba.

Visiwa vyetu vinajengwa. Malori ya makontena hutoka bandarini Malindi na Mkoani. Matrela marefu hubeba vijiko na greda kuelekea kwenye ujenzi wa mahoteli huko Nungwi, Kiwengwa na Paje. Matrekta hukokota miwa kwenda kiwandani Mahonda, na mashine za kuvunia mpunga huhamishwa kutoka bonde moja hadi jingine. Hatuilalamikii mitambo hiyo, kwani ndiyo inayotujengea nchi. Lakini barabara inazopita ndizo hizo hizo wanazotembea watoto wa skuli, wapanda baiskeli, bodaboda na gari za ng'ombe.

Hebu na tufanye hesabu kidogo. Barabara ya lami yenye upana wa mita 6 humpa kila anayepita mita 3. Mtambo wenye upana wa mita 3 na nusu ukipita hapo, anayekuja mbele yake hubakiwa na mita 2 na nusu tu, na mwenda kwa miguu hubakiwa na majani ya kando. Ama kuhusu kulipita trela, hesabu ni nzito zaidi. Ikiwa trela la mita 16 linakwenda kilomita 40 kwa saa, na gari ndogo inataka kulipita kwa kilomita 60, itachukua sekunde 9 hivi na kutembea mita 150 kabla ya kurudi upande wake kwa salama. Ikitokea gari nyingine mbele kwa mwendo huo huo wa 60, nayo itakuwa imekula mita 150. Kwa hiyo dereva anahitaji kuona njia nyeupe ya mita 300. Katika kona na vilima vya Pemba, nafasi kama hiyo haipatikani kila mahali, na anayelipita trela kwa kubahatisha anacheza na roho za watu.

Ipo hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Trela linapokata kushoto, dereva wake hulazimika kwanza kutanua kulia, na magurudumu ya nyuma huja yakifuata njia ya ndani zaidi kuliko ya mbele. Mwenye bodaboda anayeiona nafasi ile ya kushoto akajipenyeza hujikuta amebanwa mahali ambapo dereva hamuoni kabisa. Kanuni yake ni nyepesi: ukiwa nyuma au ubavuni mwa gari kubwa nawe huvioni vioo vyake, basi na dereva wake hakuoni wewe.

Kwa hivyo tunawaasa madereva wa gari ndogo na bodaboda wawe na subira. Uonapo gari pana inakuja, punguza mwendo mapema, tafuta mahali pa kukaa kando na uipishe. Usiifuate kwa karibu, na usiipite kwenye kona, kwenye mlima, kijijini wala mbele ya skuli. Dakika tano za kungoja hazimpunguzii mtu riziki yake.

Lakini haitakuwa haki kumtaka mnyonge peke yake asubiri. Mtoto anayekwenda skuli hana njia ya kujua kwamba asubuhi hiyo utapita mtambo unaojaza barabara nzima. Anayejua ni mwenye mzigo, na ni ofisa aliyetia saini kibali chake. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hizo haziwezi kuhama ikiwa hazikuambiwa.

Tunatoa rai, basi, kwa wakuu wanaohusika. Kila kibali cha mzigo uliopita kiasi kitaje njia na saa za kupita, na saa hizo zisiwe zile za watoto kwenda na kutoka skuli. Masheha wa shehia zote zilizo njiani waarifiwe siku moja kabla, ili nao wawaarifu walimu na wananchi. Mzigo wenyewe utangulizwe na gari ya kuongoza, uwekwe vitambaa vyekundu pembeni, na usitembezwe usiku ila kwa dharura na kwa taa zinazoonyesha upana wake. Aidha, kingo za barabara zifyekwe ili mwenda kwa miguu awe na pa kukimbilia.

Hayo si mambo makubwa. Pale Jozani, kima punju walipokuwa wakigongwa na gari, barabara ilitiwa matuta ili madereva wapunguze mwendo, na hapana aliyesema kwamba ajali ya kima haina kinga. Lilikuwa jambo jema, nasi tunalisifu. Tunachokitaka ni kwamba uangalizi ule aliopewa mnyama asiyeweza kusema apewe pia mtoto wa Kinyasini na wa Kengeja, ambaye wazazi wake wanasema na wanangoja kusikilizwa.

Dereva na apishe, mwenye mzigo na aongoze, na serikali iviarifu vijiji. Kila mmoja akitimiza wajibu wake, ajali nyingi zitakuwa zimepata kinga.