Farasi aligoma Tokyo, somo lipo hadi Kirumba

MWANZA. Agosti 6, 2021, mwanadada Annika Schleu wa Ujerumani alikuwa anaongoza mashindano ya pentathloni ya kisasa kwenye Olimpiki ya Tokyo. Upanga alishacheza vizuri, kuogelea alishamaliza, medali ya dhahabu aliiona kabisa. Kilichobaki ni kuruka viunzi juu ya farasi, kisha kukimbia na kulenga shabaha.

Akapewa farasi anayeitwa Saint Boy. Farasi akagoma.

Aligoma kweli kweli. Anarudi nyuma, anazunguka, anagonga kiunzi, anasimama. Schleu analia juu ya tandiko dunia nzima ikitazama. Kocha wake, Kim Raisner, akiwa pembeni ya uzio akamwambia ampige, na mwenyewe akamtandika farasi ngumi. Kocha akafungiwa kuendelea na mashindano yaliyobaki. Schleu akapata sifuri kwenye farasi na kumaliza wa 31. Dhahabu ikaenda kwa Kate French wa Uingereza.

Shabiki wa soka utauliza, hayo ya farasi yanatuhusu nini sisi watu wa Kirumba na Nyamagana? Yanatuhusu sana. Kisa cha Saint Boy ndicho mfano wa wazi zaidi wa kitu kinachoua vipaji vyetu kila msimu, ila sisi tumekipa majina mengine. Tunasema mchezaji 'mwoga', 'hana moyo', 'kanunuliwa'. Wenzetu wa farasi wanakiita kwa jina lake: hofu.

KOSA HALIKUWA LA FARASI

Kwenye pentathloni ya wakati ule mchezaji hakuja na farasi wake. Alipangiwa kwa kura, kisha wakapewa dakika 20 tu za kuzoeana. Ni kama kocha apewe straika mgeni saa sita mchana, saa kumi jioni amwanzishe kwenye dabi.

Kibaya zaidi, Saint Boy alikuwa ameshapandwa siku hiyo hiyo na mchezaji wa Urusi, Gulnaz Gubaydullina, na akagoma vilevile. Maana yake alipofika kwa Schleu tayari alikuwa na kumbukumbu mbaya ya uwanja ule. Juu yake akapandishwa mtu anayetetemeka na kulia, na pembeni kuna kocha anapiga kelele. Hapo unategemea aruke nini?

Walioendesha mchezo huo walielewa. Novemba 2021 shirikisho la pentathloni lilitangaza kwamba farasi ataondolewa. Paris 2024 ilikuwa mara ya mwisho, na Los Angeles 2028 nafasi yake inachukuliwa na mbio za vikwazo. Farasi mmoja mwenye hofu amebadilisha mchezo uliokuwepo kwenye Olimpiki tangu 1912.

FARASI ANAONA NINI?

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Simba na fisi wamemfundisha kukimbia kwanza, kuuliza baadaye. Macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu kila upande, takribani nyuzi 350. Masikio yake yanazunguka kila moja kivyake. Sasa mlete mnyama wa namna hiyo kwenye uwanja wenye maelfu ya watu, spika, bendera zinazopepea na kamera. Vyote anaviona na kuvisikia kwa wakati mmoja, na kila kimoja anakipima: hiki kitanila au hakitanila?

Wanaowatunza wanajua dalili mapema kabla farasi hajagoma. Weupe wa jicho unaonekana. Mkia unapigapiga ilhali hakuna nzi. Jasho linamtoka hata hajakimbia. Anapara ardhi kwa kwato, anasaga meno, anapata choo mara kwa mara. Bandani anayumbayumba kushoto kulia kwa saa nzima, au anang'ata mbao za mlango. Wengine wanakataa chakula.

Hata tumbo linaathirika. Tumbo la farasi linatoa asidi muda wote kwa sababu limeumbwa kula majani karibu kutwa nzima. Ukimfungia bandani, ukampa nafaka mara mbili tatu kwa siku na mazoezi makali, anapata vidonda vya tumbo. Farasi wengi wa mbio wanaopimwa wakiwa mazoezini hukutwa navyo. Mara nyingine anayeitwa mkaidi ni mgonjwa tu.

Linganisha na dogo wa miaka 19 anayecheza mechi ya kwanza mbele ya Simba au Yanga. Anaenda chooni mara nne kabla ya kutoka vyumbani. Hali chakula cha mchana. Dakika ya tano ameshalowa jasho na miguu mizito. Mpira ukimfika anautoa haraka kama kaa la moto. Sisi jukwaani tunasema 'huyu hajui mpira'. Anajua sana, ila mwili wake uko kwenye hali ya kukimbia simba, simba wa porini namaanisha.

MWAVULI AMBAO HAUKUFUNGULIWA

Kuna utafiti mmoja wa Sweden wa mwaka 2009 ambao kila kocha wa bongo angepaswa kuusikia. Watafiti, wakiongozwa na Linda Keeling, waliwapa watu farasi wa kuwaongoza au kuwapanda kutoka sehemu moja hadi nyingine mara nne, huku mapigo ya moyo ya mtu na ya farasi yakipimwa. Kabla ya safari ya nne, mtu akaambiwa: safari hii mwavuli utafunguliwa ghafla karibu na farasi.

Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mtu alishaanza kuwaza farasi atashtuka, moyo wake ukaenda mbio. Na moyo wa farasi nao ukaenda mbio, wakati yeye hakuambiwa lolote kuhusu mwavuli.

Yaani hofu inaambukiza. Inapita kwenye mkono unaokaza hatamu, inapita kwenye miguu inayobana mbavu. Farasi anasoma kwamba bosi wake ana wasiwasi, hivyo lazima kuna hatari mahali.

Sasa rudi kwenye benchi zetu za ufundi. Kocha amesimama kwenye mstari dakika 90, anatupa chupa, anamfokea beki kila akigusa mpira, anamlalamikia mwamuzi wa akiba. Kiongozi wa klabu anaingia vyumbani wakati wa mapumziko kukumbusha kwamba tukifungwa leo hakuna posho. Halafu tunashangaa timu inarudi kipindi cha pili inatetemeka. Mwavuli tumeufungua wenyewe.

SEABISCUIT ALITIBIWA VIPI?

Habari njema ni kwamba hofu ina tiba, na ya farasi inajulikana tangu enzi za babu zetu. Mfano maarufu ni Seabiscuit wa Marekani. Mwaka 1936 tajiri Charles Howard alimnunua kwa dola 8,000 akiwa farasi aliyechoka, mwembamba, anayezunguka bandani bila kutulia. Alishakimbizwa mbio nyingi mno akiwa mdogo.

Mkufunzi wake, Tom Smith, hakuanza na mazoezi. Alianza na kumtafutia mwenza. Kwanza alimwekea mbuzi, Seabiscuit akamtupa nje. Ndipo akamleta farasi mzee mpole aitwaye Pumpkin. Wakaishi pamoja, wakasafiri pamoja, na Seabiscuit akaanza kulala usingizi na kula.

La pili lilikuwa mazoea. Novemba 1, 1938 alitakiwa kushindana ana kwa ana na War Admiral, farasi bingwa aliyesifika kwa kuchomoka kwa kasi. Mbio zingeanza kwa kengele. Smith akatengeneza kengele yake na kumfanyisha Seabiscuit mazoezi ya kuchomoka kila ikilia, tena na tena. Siku ya siku sauti ile haikuwa mpya masikioni mwake. Akachomoka, akashinda.

Hadi leo njia ni hizo hizo. Farasi wa mbio Marekani wanasindikizwa hadi geti la kuanzia na farasi mtulivu. Wengine wanazibwa pembeni ya macho ili waone mbele tu, wengine wanavishwa vifuniko vya masikio kupunguza kelele. Wanapelekwa uwanja mgeni mapema waunuse. Ratiba ya chakula haibadilishwi siku ya mashindano. Dawa za kutuliza haziruhusiwi kwenye mashindano, hivyo njia ya mkato haipo.

Na kumchapa hakusaidii. Farasi anayeogopa kiunzi akichapwa mbele ya kiunzi anajifunza jambo moja tu: kweli, pale kuna maumivu.

WASUKUMA WANALIJUA HILI

Kanda ya Ziwa hatuna utamaduni wa farasi, na sababu kubwa ni mbung'o. Ugonjwa wa nagana anaousambaza humuua farasi haraka, ndiyo maana punda na ng'ombe ndio waliodumu huku kwetu. Ukitaka mbio za farasi za karibu panda basi hadi Nairobi, uwanja wa Ngong. Ukitaka mbio za punda nenda Lamu wakati wa sherehe, uone vijana wanavyokata upepo ufukweni bila tandiko.

Lakini nenda Magu, Kwimba au Misungwi msimu wa kulima. Mkulima anayemfundisha maksai mpya kukokota plau hamfungi nira na mgeni mwenzake. Anamfunga na maksai mzee anayeijua kazi. Yule mzee akisikia mluzi anatembea, mdogo anatembea. Mzee akisimama, mdogo anasimama. Baada ya muda dogo anaelewa kwamba nira haiui. Huyo ni Pumpkin wa Usukumani.

Kwanini basi kwenye mpira tunafanya kinyume? Tunamchukua kijana kutoka kituo cha vijana, tunamwingiza dakika ya 80 timu ikiwa nyuma kwa bao moja, mbele ya mashabiki wenye hasira, pembeni yake wachezaji wageni watatu waliosajiliwa dirisha dogo. Akikosea pasi mbili anazomewa, na msimu unaofuata anatolewa kwa mkopo. Huyo tumemfunga nira na mgeni mwenzake, kisha tumemchapa.

PAMBA NA MATUTA

Mashabiki wa Pamba Jiji wanaujua mzigo huu. TP Lindanda, mabingwa wa Tanzania mwaka 1990, walisubiri zaidi ya miaka 20 kurudi Ligi Kuu, wakarejea kwa msimu wa 2024/25. Jiji zima lilitaka furaha siku ya kwanza. Mwanzo ukawa mgumu, ushindi ukachelewa, kocha Goran Kopunovic akaondoka mapema na Fred Felix 'Minziro' akashika timu. Timu ikabaki Ligi Kuu. Wachezaji wengi waliocheza mechi za mwanzo ndio haohao waliotulia baadaye. Wapo watakaosema ni mbinu, na mbinu ina nafasi yake. Lakini timu inayobeba kiu ya miaka 20 haiwezi kucheza kama timu isiyodaiwa kitu.

Kipimo kikali zaidi ni matuta. Aprili 2023 Simba ilitolewa na Wydad Casablanca robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa penalti 4-3, na waliokosa ni Shomari Kapombe na Clatous Chama, watu wawili ambao huwezi kusema hawajui mpira. Mwaka uliofuata Yanga nayo ikatolewa kwa matuta na Mamelodi Sundowns hatua hiyohiyo.

Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, amepitia kwa miaka mingi video za penalti za mashindano makubwa. Moja ya aliyobaini ni kwamba wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi. Wanataka yaishe. Ni farasi anayetaka kutoka uwanjani. Pia penalti ambayo ukikosa timu inatoka hupotea mara nyingi kuliko ile ambayo ukifunga timu inashinda. Mpira ni uleule, umbali ni uleule, kilichobadilika ni kinachowazwa.

Halafu kumbuka Zambia, fainali ya Afcon 2012 kule Libreville dhidi ya Ivory Coast. Matuta yalienda hadi 8-7. Wakati mwenzao anaenda kupiga, Chipolopolo walikuwa wameshikana kwenye mstari wa kati wakiimba. Hakuna aliyeachwa peke yake na mawazo yake. Ivory Coast yenye mastaa wa Ulaya ikaondoka mikono mitupu.

TUFANYE NINI?

Afcon 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Presha ya nyumbani ni nzito kuliko ya ugenini, kwa sababu anayekuzomea ni jirani yako. Kazi inatakiwa kuanza sasa, na haihitaji mabilioni.

Moja, kijana aingizwe akiwa na mkongwe pembeni yake, na aanze na mechi ambazo timu inaongoza. Mbili, matuta yafanyiwe mazoezi na kelele: washa spika, ita vijana wa mtaani wazomee, mchezaji atembee kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye nukta. Hiyo ndiyo kengele ya Tom Smith. Tatu, klabu ziwe na mtu wa saikolojia anayeishi na timu, asiitwe tu baada ya vipigo vitatu. Nne, mabosi wakae jukwaani.

Tano ni sisi. Mchezaji anayesita akizomewa anasita zaidi. Usimfurahie akikosa, hakuna anayekulazimisha, ila subiri dakika 90 ziishe ndipo useme yako.

Tokyo walikuwa na farasi mzima, mchezaji mzuri na kocha mwenye uzoefu. Wote watatu walikuwa wanaogopa kwa wakati mmoja na hakukuwa na mtu wa kuwatuliza. Saint Boy hakuweza kusema, akagoma. Wachezaji wetu wanaweza kusema, tatizo ni kwamba akisema 'kocha, naogopa' wiki inayofuata yuko benchi. Hilo tukilibadilisha kabla ya 2027, nusu ya mechi tutakuwa tumeshacheza.