Kasomea uhandisi, kaajiriwa benki

Mzee aliuza ng'ombe watatu na kiwanja kimoja ili binti yake amalize miaka minne ya uhandisi mitambo. Siku ya mahafali alivaa suti, akapiga picha na mwanawe aliyevaa joho, na mtaani wakaanza kumwita Baba Injinia. Miezi minane baadaye binti akaleta habari: amepata kazi, lakini si kiwandani wala mgodini. Ni benki, kitengo cha mikopo.

"Yaani nimeuza ng'ombe ili ukahesabu fedha za watu?" mzee aliuliza.

Kwa wiki mbili shikamoo ya binti ilijibiwa kwa mkato.

Mzazi, ugomvi huu upo katika nyumba nyingi. Wengi wetu tunamjua injinia wa aina moja, yule mwenye kofia ngumu anayesimamia barabara au ghorofa. Yupo kweli, lakini hayuko peke yake.

Mteja akiomba mkopo wa kununua mashine ya kukoboa mpunga, lazima awepo mtu wa kujua kama mashine hiyo itakoboa tani zilizoandikwa, inakula umeme kiasi gani na vipuri vyake vinapatikana wapi. Mhasibu ataona kama hesabu zimejumlishwa sawasawa. Injinia ataona kama kazi yenyewe inawezekana.

Ndivyo ilivyo kwingine pia. Kampuni ya bima hutaka mtu wa kukagua ghala na kuona moto unaweza kuanzia wapi. Hospitali huhitaji wa kutunza mashine za eksirei na za oksijeni. Kiwanda cha maziwa kina mabomba, majiko na vipoza vinavyotakiwa kwenda saa zote.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Strive Masiyiwa wa Zimbabwe alisomea uhandisi wa umeme, kisha akaanzisha kampuni ya simu ya Econet. Mary Barra, aliyesomea fani hiyohiyo, aliingia kwenye uongozi mkuu wa General Motors ya Marekani mwaka 2014. Hapa nyumbani, Mark Mwandosya alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuwa waziri. Hata Mr Bean anayewachekesha watoto sebuleni, Rowan Atkinson, ana shahada za uhandisi wa umeme.

Hata hivyo, wasiwasi wa mzee una sehemu yake ya kweli. Tanzania, shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi mtaalamu. Sheria Namba 15 ya mwaka 1997 inataka asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhitimu huanza kwa kusajiliwa kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi za uhandisi chini ya usimamizi, kwa kawaida miaka mitatu, ndipo aombe daraja la juu. Anayekaa mbali na kazi hizo mwanzoni anaweza kujikuta ana umri wa miaka 35 na bado yuko hatua ya kwanza.

Kwa hiyo mwanao akija na kazi usiyoitegemea, muulize mambo matatu. Kazi hiyo itatumia nini kati ya aliyosoma? Je, ameshajisajili kama mhitimu? Na akitaka kurudi kwenye fani, atapitia njia gani? Kama bado yuko chuoni, mshauri mafunzo ya vitendo asiyafanye sehemu moja kila mwaka. Mwaka huu kiwandani, mwaka ujao hospitalini au mamlaka ya maji.

Yule mzee alilainika siku alipomkumbuka jirani yake, aliyekopa akanunua mashine kubwa kuliko umeme uliokuwepo kijijini. Mashine ililala, nyumba ikauzwa. Hakuna aliyemwambia mapema.

Jioni hiyo alimwita binti, akaitikia shikamoo yake vizuri, akamwuliza kama amejisajili Bodi.

Binti akainama. Alikuwa hajajisajili.

"Basi Jumatatu anza na hilo," mzee alisema. "Benki utakwenda, lakini jina lako liwe limeandikwa."