Wafugaji Si Watu Wasio na Kwao



Juma hili safu yetu yatoka mbali na bahari. Tulikwenda Bokoli, katika kaunti ya Bungoma, kumjulia hali binti yetu aliyeolewa huko. Asubuhi ya pili tulikuwa barazani twanywa chai, na mlima Elgon, ambao wenyeji wauita Masaba, ukionekana kwa mbali juu ya mashamba ya mahindi na miwa. Akapita mtu na ng'ombe wake, fimbo begani. Mtoto mmoja katika msafara wetu akauliza, "Huyu kwao ni wapi?" Nasi tukamjibu upesi, bila kufikiri, "Hao ni watu wa porini tu, hawana kwao."

Bibi mwenye nyumba akaweka kikombe chini. Akasema kwa upole, "Wanangu, msimfundishe mtoto hivyo. Baba yangu alitahiriwa katika rika la Kolongolo. Jina hilo tunalo sisi Wabukusu, na wafugaji wa mlimani pia wanalo."

Hatukuwa na la kujibu. Aibu ile ndiyo iliyotufanya tuulize na kusoma, na leo twawaletea tuliyoyapata.

Bibi alisema kweli. Wabukusu ni wakulima wa lugha ya Kibantu, lakini marika yao yana majina kama Maina, Chuma, Sawa, Kolongolo na Nyange. Wasabaoti wa mlimani na jamaa zao Wakalenjin wana Maina, Chumo, Sawe, Korongoro na Nyongi. Majina ya namna hii hayavuki kutoka jamii hadi jamii kwa ugomvi peke yake. Huvuka kwa ujirani, kwa ndoa, na kwa watoto kukua pamoja. Na hata leo kijana wa Kibukusu anapokwenda jandoni, hupita kwa mjomba wake, na mjomba humchinjia ng'ombe na kumvisha kipande cha nyama shingoni. Mkulima huyu, katika siku yake kubwa kuliko zote, huvaa alama ya mifugo.

Tukirudi nyuma zaidi twaona kwamba kuhama ndiko kulikokuwa desturi ya binadamu, na kukaa mahali pamoja ni jambo la juzi. Mifupa ya watu kama sisi iliyopatikana Omo, nchini Ethiopia, ina umri wa zaidi ya miaka 200,000. Kilimo, popote duniani, hakijapita sana miaka 10,000. Muda wote wa kabla ya hapo wazee wetu walifuata maji, matunda na mawindo, na kwa miguu yao wakaieneza dunia.

Na katika nchi zetu za Afrika Mashariki, ng'ombe alitangulia jembe. Sahara ilipokauka, watu wenye ng'ombe, kondoo na mbuzi waliteremka kusini, wakafika pande za Ziwa Turkana yapata miaka 5,000 iliyopita. Huko Lothagam walijenga makaburi makubwa yenye nguzo za mawe. Wachunguzi waliotangaza habari zake mwaka 2018 walikadiria kwamba pamezikwa watu wasiopungua 580: wanaume na wanawake, wazee na watoto wachanga. Mapambo yalizikwa pamoja na wakubwa na wadogo, wala hapakuonekana dalili ya bwana na mtwana. Je, watu wasio na kwao hujenga makaburi ya namna hiyo kwa ajili ya watoto wao?

Karibu zaidi na Bokoli kuna Kakapel, katika kaunti ya Busia. Katika kivuli cha mwamba wake mna michoro ya kale, na miongoni mwake mna ng'ombe wenye pembe ndefu. Katika udongo wa hapo zimepatikana kunde zenye umri wa yapata miaka 2,300, na wimbi la miaka ipatayo 1,000. Mahali hapo pamoja pameona mwindaji, mfugaji na mkulima. Na katika nyanda za juu za upande wa Kitale na Uasin Gishu yangali yaonekana mashimo ya mviringo yanayoitwa ya Wasirikwa. Yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba za wenyewe zilishikana nayo. Watu hao walipitisha karne kadhaa katika nchi hiyo kabla ya mzungu kuipima mashamba.

Sisi wanawake tuna fungu letu katika habari hii. Kwa Wasomali wa kuhamahama, nyumba ya matao na mikeka ni kazi ya mikono ya mama: yeye huisuka, huivunja siku ya safari, na huisimamisha tena waendako. Kwa Wamaasai vilevile mjenzi wa nyumba ni mwanamke, na maziwa yako mkononi mwake, huyagawa kwa watoto na wageni. Tusiseme basi kwamba mhamaji hana nyumba. Nyumba anayo, naye husafiri nayo.

Na sisi Waislamu twapaswa kuwa wa mwisho kuwadharau watu hawa. Mtume wetu (s.a.w.) alinyonyeshwa na Bi Halima wa Banu Saad, watu wa jangwani, na mwenyewe alichunga kondoo, kama walivyochunga Manabii waliomtangulia. Nabii Musa (a.s.) alipofika kisimani Madyan aliwakuta mabinti wawili wakizuia mifugo yao, akawanyweshea, kisha akachunga kwa baba yao miaka kadhaa.

Hatusemi kwamba mfugaji hakosei. Mifugo ikiingia shambani, mwenye shamba amedhulumiwa. Lakini Suratul Anbiyaa yatukumbusha kesi hiyo hiyo, walipohukumu Nabii Daud na Nabii Sulayman (a.s.) juu ya kondoo walioharibu shamba la watu usiku. Wafasiri wasimulia kwamba Sulayman aliona mwenye shamba apewe mifugo anufaike na maziwa na sufi, na mwenye mifugo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arejeshewe chake. Mkulima akapata haki yake, na mfugaji hakufilisika.

Hukumu kama hiyo tumeikosa mara nyingi. Mwaka 2012, katika delta ya Mto Tana, Wapokomo na Waorma waliuana, na watu zaidi ya 100 walikufa. Mlimani Elgon, kati ya 2006 na 2008, ugomvi wa ardhi uliwatoa maelfu ya watu majumbani. Chanzo kilikuwa ardhi, maji na siasa. Si neno la barazani. Lakini anayetaka kuwasha moto hutafuta kuni zilizokauka, na mtoto aliyelelewa akisikia kwamba fulani "hana kwao" ni kuni kavu. Akikua, haoni dhambi kumfukuza mtu ambaye tangu utotoni aliambiwa hana pa kufukuzwa.

Jioni ile, kabla ya kulala, tulimwita yule mtoto. Tukamwambia kwamba tulikosea. Kwamba yule bwana ana kwao, na kwao ni pakubwa kuliko tulivyojua. Akauliza kama kesho aweza kumsalimu. Tukamwambia amsalimu, tena kwa "Shikamoo".

Mama mwenzetu, neno hilo litazame nyumbani kwako juma hili. Ukilikuta limetoka kinywani mwako, kama lilivyotoka mwetu, lirekebishe mbele ya mtoto yule yule aliyelisikia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.