Mtoto Asifichwe Maradhi ya Nyanya

Msomaji, huenda katika nyumba yenu yumo mzee aliyeanza kusahau. Jana alikuita kwa jina lako. Leo anakuita kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Amekwisha kula chakula cha mchana, na mara anauliza kwa nini amenyimwa chakula. Wakubwa hutazamana wakanyamaza. Lakini mdogo wako wa miaka mitano, ambaye hakuambiwa neno, ameketi pembeni na anaona yote. Nani atamweleza?

Wako wasemao kuwa mtoto hana haja ya kuelezwa. Hoja yao ni kwamba akili yake ni changa, na habari za maradhi zitamtia hofu. Hoja hii ina sura ya huruma, lakini huruma yenyewe haina. Hofu ya mtoto hutokana na jambo analoliona asilielewe. Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nyanya yangu aliponisahau, nilidhani amenichukia kwa kuwa nilivunja mtungi wake. Hakuna aliyeniambia vingine. Nikaacha kwenda kumwamkia, naye akafa hali tumefarakana kwa kosa ambalo halikuwako.

Tena, mwema asiposimulia, mwovu husimulia. Katika nchi yetu wako wazee waliosingiziwa uchawi kwa sababu ya kutangatanga usiku au kusema peke yao, mambo ambayo yaweza kuwa dalili za maradhi. Oktoba 2021, huko Marani katika Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Sidai kuwa hao walikuwa wagonjwa. Nasema kwamba aliyewaua alikwisha kuamini hadithi mbaya kabla hajainua mkono.

Maradhi haya si laana. Mwaka 1906 daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke aliyepotewa na kumbukumbu, na aina ya maradhi haya iliyoenea kuliko zote ina jina lake hata leo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na maradhi ya namna hii, na zaidi ya nusu yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mara nyingi mambo ya karibuni hupotea kwanza. Ya zamani hudumu zaidi.

Mtoto hatafahamu habari za ubongo, lakini atafahamu pakacha. Msimulie hivi: Nyanya alitoka shambani na pakacha la nazi kichwani. Nazi za chini alizitia alipokuwa msichana. Za juu amezitia leo. Njia ikawa ndefu, pakacha likachakaa, nazi zikaanza kuanguka moja moja, za juu kwanza. Mjukuu aliyemfuata hakumcheka wala hakumgombeza. Aliziokota, akasema, "Nyanya, hii ni yako."

Akisikia hayo, mtoto atajua kwa nini nyanya anakumbuka siku ya harusi yake na hakumbuki chakula cha mchana. Atajua pia kuwa si yeye aliyelitoboa pakacha.

Lakini jihadhari! Hadithi si uwongo uliopambwa. Usimwambie kwamba nyanya anatania, wala usimwahidi kuwa kesho atapona, maana dawa ya kuyaondoa maradhi haya haijapatikana. Mtoto aliyedanganywa mara moja hatakuamini mara ya pili.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwa pakacha hili sivyo; kila kinachoanguka huwalemea wanaofuata nyuma. Wewe uliyesoma ni mmoja wao. Leo jioni mwite mdogo wako, mketi karibu na nyanya, umsimulie. Ukingoja wakubwa waanze, huenda mkachelewa wote, kama nilivyochelewa mimi.