Kuuzia jeshi mu Fizi na Baraka: karatasi gani ina pesa?

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeuza muhogo na mafuta ya mawese sokoni Baraka. Asubuhi mtu mwenye sare anasimama mbele ya meza yake: "Mama, tunachukua mifuko kumi na bidoni tatu. Tunakuandikia bon, mwisho wa mwezi unalipwa." Mama anafurahi, anaona amepata mteja mkubwa. Miezi mitatu inapita. Kikosi kimehamishwa, komanda mpya anasema deni hilo yeye halijui, na yule mama bado anadaiwa na mkulima aliyemletea muhogo.

Watu wengi wa Fizi wanajua habari za namna hii. Lakini jeshi linakula kila siku, na chakula kiko hapa kwetu. Basi mfanyabiashara mdogo anaweza kuliuzia namna gani bila kufilisika?

Jambo la kwanza ni kujua nani ananunua kwa kweli. Komanda anayekuja na bon siye mnunuzi wa serikali. Sheria ya masoko ya umma, namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, inataka kila wizara ipitishe manunuzi yake katika ofisi maalum, ile inaitwa CGPMP. DGCMP ndiyo inakagua hatua zake, na ARMP inapokea malalamiko ya wale wanaoona wameonewa. Mambo ya ulinzi yenye siri yana njia yao ya pembeni. Kwa maneno mengine, mkataba mkubwa wa kulisha jeshi unasainiwa Kinshasa, hausainiwi chini ya mwembe Fizi-centre.

Je, sisi wa huku tumefungiwa mlango? Hapana. Yule aliyepata mkataba Kinshasa hawezi kubeba muhogo toka kule mpaka Lulimba. Barabara ya taifa namba 5 tunaijua wenyewe, hasa wakati wa mvua, na ziwani mafuta ya mtumbwi ni bei. Lazima atafute mtu wa karibu wa kumuuzia. Hapo ndipo mlango wa mdogo ulipo: kuuzia kampuni yenye mkataba. Kuna hata sheria ya mwaka 2017 kuhusu kazi ndogo ambazo kampuni za watu binafsi zinawapa wengine. Inaweka kazi hizo mikononi mwa kampuni za Wakongomani, na ofisi ya ARSP ndiyo inaisimamia.

Lakini kampuni ya namna hiyo haitanunua kwa mtu asiye na karatasi. Patente inatosha kwa meza ya soko. Kwa mkataba watakuomba RCCM, namba ya kodi, na mara nyingi konti ya benki. Ndiyo maana ni vizuri watu kumi au kumi na tano waungane kuwa kooperativa. Kongo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria za OHADA zinatambua kooperativa. Mtu mmoja hawezi kutoa tani tano kila wiki mbili. Kikundi cha Mutambala kinaweza, na gharama za karatasi wanagawana.

Kuna kikwazo ambacho hatuwezi kukificha. Tangu Februari 2025 Bukavu iko mikononi mwa AFC/M23, na benki zilizokuwa zinafanya kazi kule zilifunga milango. Karatasi ambayo zamani mtu alienda kuitafuta Bukavu, sasa ni safari nyingine na gharama nyingine. Uliza kwanza ofisi gani inatambuliwa na Kinshasa, usije ukalipa mara mbili.

Ukishapata mteja, shika mambo haya. Bei, kilo na siku ya malipo viandikwe kabla gari halijapakiwa. Omba sehemu ya pesa mbele. Kila mzigo uwe na karatasi ya kupokea yenye jina, cheo, saini na muhuri, na kopi ibaki nyumbani kwako. Mzigo wa kwanza usilipwe, wa pili usiondoke. Na usiweke mtaji wako wote kwa mteja mmoja.

MONUSCO ilitufundisha hilo. Chakula cha askari wake kilikuja kwa mikataba mikubwa ya Umoja wa Mataifa, lakini pembeni ya kambi ya Baraka watu walipata kazi za mikono, nyumba za kupangisha, wateja wa matunda na samaki. Mwaka 2024 ikaondoka Kivu ya Kusini, na aliyekuwa anategemea kambi peke yake akabaki mikono mitupu. Mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa bado yananunua vitu, na kujiandikisha kwenye UNGM, orodha yao ya wauzaji, ni bure. Mtu akikuomba pesa ili akuandikishe, huyo ni mwizi.

Mwisho, tuseme lililo zito. Huku kwetu wenye silaha ni wengi, na siyo wote ni jeshi la serikali. Anayepeleka chakula kwa kikundi kimoja leo, kesho kikundi kingine kinamwita adui. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo navyo vinaweza kumgusa anayesaidia vikundi vyenye silaha. Ukilazimishwa kutoa mali, hiyo siyo biashara. Andika tarehe na kiasi, mwambie mtu unayemwamini wa shirika la kiraia. Na idadi ya mifuko unayopeleka kambini usiitangaze kwenye simu wala kwenye WhatsApp: hiyo ni habari ya vita, inaweza kukuua.

Wakubwa wa jeshi nao wana kazi ya kufanya: watangaze sokoni ofisa gani ana ruhusa ya kununua, na deni la kikosi kinachohama lishughulikiwe kabla hakijapanda gari. Mpaka siku hiyo, mteja mzuri wa jeshi ni mke wa askari aliyepokea mshahara, anayekuja na franga mkononi. Huyo muuzie bila woga. Mwenye bon peke yake, mwambie kwa heshima: "Afande, nenda ulete pesa, muhogo utakungoja."