Banda la Mbao Linauawa na Maji, Oili Chafu Haitaliokoa

Vijana wenzangu, leo tuache kidogo chanjo na chakula, tuongelee mbao. Wengi wenu mnaweka mtaji wa maana kwenye banda la kuku au mbuzi, halafu likishasimama hamligusi tena mpaka mlango uanze kuning'inia. Juu bati linang'aa, chini nguzo zimekwisha. Siku ubao ukiachia usiku, kicheche hapigi hodi.

Msimamo wangu ni huu: kupaka oili chafu kila mwaka siyo matunzo. Najua inapatikana gereji kwa bei ya kutupa, na ukishapaka banda linapendeza macho. Lakini oili ile ina mabaki ya metali za injini. Mbuzi analamba, kuku anadonoa, mvua inaishusha kwenye udongo. Na mbao ikiendelea kulowa, itaoza tu.

Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu anataka unyevu. Unyevu wa mbao ukibaki chini ya asilimia 20, hana kazi. Kwa hiyo anza na maji:

1. Paa litokeze nje ya ukuta, walau nusu mita, ili mvua isipige mbao.
2. Nguzo isimame juu ya msingi wa zege, siyo kwenye udongo. Mbao ya chini ikae walau sentimita 20 kutoka ardhini.
3. Samadi na maranda yasirundikwe ukutani. Hapo unamwalika mchwa. Ukiona njia zake za udongo zinapanda nguzo, chukua hatua siku hiyo hiyo.
4. Ncha za mbao hunywa maji haraka kuliko ubavu. Ukikata, ipake ncha dawa ya mbao kabla hujapigilia.

Kuna watakaosema dawa ni gharama. Sawa, lakini paini isiyotibiwa haivumilii kugusa udongo wenye mchwa. Nunua iliyotibiwa kiwandani, na gharama hiyo iwe kwenye mchanganuo wako tangu mwanzo. Tahadhari moja: vipande vinavyobaki usivichome jikoni, na maranda yake usiwatandikie kuku. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, ambayo ni sumu.

Kabla ya kila msimu wa mvua, chukua bisibisi uzunguke banda. Choma kila nguzo pale chini. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, badilisha nguzo hiyo sasa, wakati bado ni moja.

Wafugaji wengi mna daftari la chanjo. Ongezeni ukurasa mmoja wa banda: tarehe ya ukaguzi, kilichoonekana, kilichotengenezwa. Kuku utauza baada ya wiki chache, ila banda ndilo linalotakiwa kubaki likupokelee kundi lijalo. Anayelisahau atajikuta analijenga upya kwa faida ya kuku.